Daktari alimuuliza mke wangu kuhusu sigara

Jamani, leo nimeumbuka mbele ya daktari.

Nimemleta mke wangu Njombe kutoka Makambako hospitalini kwa kikohozi chake kisichoisha. Daktari ameangalia picha ya mapafu, akamuuliza, "Mama, umevuta sigara miaka mingapi?"

"Mimi? Sijawahi hata kuigusa."

Daktari akanigeukia. "Na wewe, baba?"

Kabla sijajibu, mke wangu akadakia, "Huyu alishaacha."

Sijaacha! Ananitetea huku anakohoa.

Nikasema ukweli: navuta ndani kila jioni, tena madirisha tumeyafunga kwa baridi hii yetu.

Sasa tumekaa kwenye benchi tunasubiri barua ya rufaa, akapimwe zaidi.

Mlioacha, mliwezaje? Niandikieni sasa hivi.

Amenishika mkono tu. Afadhali angenigombeza.