Ubao Niliounyoosha kwa Kiburi

Usinipe pole. Nakuambia mapema kwa sababu nawajua Watanzania, mtu akisema tu "nimekosa" mnakimbilia kumfuta machozi. Mimi siyataki hayo. Nimemvunja mdogo wangu goti, halafu nikamchafulia jina kwa mama yetu mzazi. Yote mawili nimeyafanya nikiwa na akili zangu timamu. Nitukane ukitaka, ila soma mpaka mwisho.

Mimi ni seremala huku Hasamba, bara kwenye kahawa. Milango, vitanda, majeneza, meza za kuanikia kahawa, ndizo kazi zangu. Bahari naiona kwenye simu tu. Mdogo wangu, nimwite Ezekia ingawa silo jina lake, aliliacha shamba la kahawa miaka kadhaa nyuma akaenda Unguja. Huko akajifunza ule mchezo wa wazungu: unasimama juu ya kibao, unajifunga tiara kubwa kama turubai, upepo unakukokota juu ya maji. Nyumbani tulimcheka weee! Kumbe mwenzetu aliiva, mpaka akawa anasaidia kufundisha wageni.

Krismasi akaja na vibao viwili. Vifupi, vyepesi, chini havina mapezi, juu havina mikanda ya kushika miguu. Kimoja kimenyooka moja kwa moja. Kingine pua yake imepanda juu, ila hicho kilikuwa na ufa.

Akanikalisha uani, baba wadogo wapo, majirani wapo, akaanza kunipa somo.

"Kaka, huu ulionyooka ni mtamu maji yakitulia. Unakimbia, wala hautaki upepo mwingi. Lakini bahari ikichafuka, vijiwimbi vifupi vinakuja kila upande, huu unapiga maji paa, paa, mpaka magoti yanalia. Mbaya zaidi, pua inachimba. Ikichimba, wewe unarushwa mbele. Huu uliopinda ni mvivu kidogo, lakini unapanda juu ya wimbi."

Akataka nimtengenezee mpya kama ule uliopinda. Bosi wake alikuwa anatafuta mwalimu mmoja wa kuajiriwa moja kwa moja, na majaribio yangefanyika nje ya mwamba, huko kwenye maji yaliyochafuka. Kibarua cha miaka yote hiyo, sasa ajira ipo mbele yake.

"Pua usiinyooshe hata kidogo, kaka. Hapo ndipo penye kazi."

Mbele za watu! Jirani mmoja akapayuka, "Leo fundi kapata fundi!" Uani pote wakaangua kicheko. Nami nikacheka nao, lakini moyoni nilikuwa nimevimba. Huyu ambaye hata randa hajui kuishika? Huku kwetu ubao ukipinda ni aibu ya fundi. Mteja akiona mlango umepinda anakurudishia, na jina lako linafika mpaka kijiji cha Itaka kabla yako. Leo mtoto wa juzi anataka nipinde kwa makusudi!

Ezekia akarudi Unguja, akaniachia ule wenye ufa niutumie kama sampuli. Nikaenda Tunduma kufuata plaiwudi nyembamba na gundi isiyoogopa maji.

Sasa sikia ujinga ulivyokomaa. Kikundi chetu cha wakulima kina mtambo wa kumenya na kuosha kahawa, wenye tanki refu la saruji. Msimu ulikuwa umekwisha, nikalijaza maji. Nikachonga ubao wa majaribio, ulionyooka, nikauweka majini pamoja na ule uliopinda. Juu ya kila mmoja nikalaza kiroba cha mchanga, nikavuta kwa kamba. Ulionyooka ukateleza kama sabuni. Uliopinda ukawa unasukuma maji, unayumba, hauendi. Nikasema kwa sauti, peke yangu, "Umeona, bwana mdogo?" Nilifurahi, Mungu anisamehe. Maji yamelala tuli kwenye tanki la kahawa, mimi nikayafanya bahari!

Nikamtengenezea ulionyooka. Tabaka tatu za plaiwudi, nikaubana siku mbili, nikapiga vanishi mpaka ukang'aa. Nikaufunga kwenye magunia, nikautuma kwa basi.

Siku alipoufungua akanipigia.

"Shikamoo kaka. Mzigo nimepata. Mbona pua imelala?"

"Imelala wapi? Hayo ni macho yako."

"Kaka, kesho kutwa ni majaribio. Na maji ya huku siku hizi yamechafuka sana."

Hapo ndipo nilipofungua huu mdomo. "Mimi nimeupeleka mpaka Matema, Ziwa Nyasa, siku yenye mawimbi. Nimeuvutisha kwa boti. Unapita juu kwa juu. Mimi ndiye fundi au wewe?"

Matema nimefika mara moja tu, harusini, hata miguu sikulowesha.

Ezekia akasema, "Basi sawa, kaka. Kama umeujaribu, sawa."

Kesho kutwa yake, mchana, akanipigia mwenzake wa kazi. Pua ilichimba kwenye wimbi. Ezekia akarushwa mbele, tiara ikaendelea kumburuta, ubao ukamrudia gotini. Kano zimekatika. Kazi akapewa mtu mwingine.

Ningesema ukweli siku ileile, labda leo ningekuwa mtu. Mama alikuja karakana amejifunga khanga kiunoni. "Ule ubao wako ulikuwa na shida gani?"

"Ubao hauna neno, mama. Nimesikia alikuwa amelewa."

Jamani! Ezekia hagusi hata togwa iliyochacha. Lakini lilinitoka tu, na likishatoka unalirudishaje?

Jumapili mama akasimama kanisani. Akalia mbele ya watu wote, akaomba wamwombee mwanawe aliyepotelea kwenye pombe. Mimi nilikuwa benchi la tatu. Nikainamisha kichwa na wenzangu, nikaitikia amina.

Ezekia akaja nyumbani na magongo. Watu wakamiminika kumjulia hali. Shangazi, hata kabla hajakaa, akamwambia, "Baba, hiyo pombe iache." Ezekia akauliza, "Pombe ipi, shangazi?" Akaelezwa, na aliyeyasema akatajwa. Akanitazama mimi, nikajifanya naangalia simu.

Kesho yake asubuhi akajikokota mpaka karakana.

"Nilipoufungua tu niliona umenyooka, kaka. Wenzangu wote wakanikataza kuupanda, wakataka kuniazima mwingine. Nikawaambia kaka yangu ameujaribu." Akavuta pumzi. "Uliujaribu wapi?"

"Kwenye tanki la kahawa."

Akaweka magongo sawa, akaondoka. Siku hiyo sikupiga hata msumari mmoja.

Jioni nikamfuata mama. Alikuwa anapepeta mahindi. Nikamwambia yote, ubao, Matema, pombe. Akaweka ungo chini.

"Mimi nilisimama mbele ya watu nikamwita mwanangu mlevi," akasema. "Nawe utasimama palepale. Huu ukweli wa kuninong'oneza jikoni siutaki. Na mpaka siku hiyo, usinisalimie."

Jumapili nne zimepita. Nafika geti la kanisa, nasikia wanaimba, nageuza. Mama nikimwamkia hajibu. Mke wangu ameanza kuniuliza kulikoni, nami namfokea kama mbwa.

Sasa wewe fundi unayesoma hapa, au mwalimu, au kaka mkubwa wa nyumba, usijione mjanja! Mdogo wako akijua kitu usichokijua, kaa chini akufundishe, hata majirani wakicheka. Kicheko cha uani kinaisha siku hiyohiyo. Na usithubutu kusema umejaribu kitu ambacho hujakijaribu, maana kuna mtu atapanda juu ya hilo neno lako kwa uzito wake wote. Kama umeshasema uongo, kauseme leo, usingoje Jumapili kama mimi.

Nimekuandikia wewe kwanza kwa sababu hunijui na hunioni usoni. Ndiyo, huo nao ni uoga, wala sijifichi! Leo asubuhi Ezekia alikuwa amekaa nje kwa mama, mguu juu ya kigoda. Mzee mmoja akasimama njiani akamwambia, "Kijana, achana na pombe, utamuua mama yako." Ezekia akajibu, "Nimesikia, mzee." Mimi nilikuwa hatua kumi tu kutoka pale. Nikapita.