Kiyoyozi cha Marehemu na Mikungu ya Rubisi

Mume wangu nilimpoteza mwishoni mwa mwezi wa saba. Heshima yangu niliipoteza Alhamisi moja ya mwezi wa tisa, mchana kweupe, mbele ya wazee wa ukoo, katekista na nyuki. La kwanza lilikuwa la Mungu, sina la kusema. La pili nililitengeneza kwa mikono yangu, kwa hiyo nalisimulia mwenyewe kabla hamjalisikia gulioni Nyakahura, maana huko naambiwa wameshaongeza na nyoka.

Deo wangu aliendesha malori Dar es Salaam miaka mingi, na wenzake waliporudi huku Biharamulo na mashine za kusaga na pikipiki, yeye alirudi na kiyoyozi. Akakifunga sebuleni, kwenye nyumba ya bati ambayo ukuta wa jikoni mpaka leo haujapigwa plasta. Dada yake, wifi yangu Generoza, anakaa kwao Bugarama, Ngara, milimani ambako watu wanavua sweta saa nne asubuhi na kulivaa tena saa kumi, na siku alipokiona alikizunguka kwa macho kisha akasema, "Kaka, umemtundika ng'ombe mzima ukutani."

Hakukosea sana. Kilipoza msimu mmoja, kikaugua. Fundi akaja kutoka Biharamulo mjini, akakisafisha, akaongeza gesi, mbuzi mmoja akaondoka kwa malipo. Kikapona, kikaugua tena, safari hii akasema gesi inavuja kwenye bomba, na bomba ni la shaba (shaba, nilijifunza siku hiyo, inauzwa karibu na bei ya dhahabu). Nilipomuuliza mateso haya yataisha lini alinijibu kwa upole, "Mama, hii ni kama ng'ombe wa kisasa. Usipoihudumia haitoi." Nikamwambia ng'ombe wa kisasa akishindikana tunamchinja tunakula. Hakucheka.

Deo alipoanza kuumwa hatukuwa tena na mbuzi wa kuuguzia wawili, na kilichoachwa bila kutibiwa ni kiyoyozi. Tulimlaza sebuleni, joto la bati likimshukia, naye akawa ananiambia, "Mama Anita, washa." Nabonyeza rimoti, kinalia ti, kidomo chake kinafunguka, hakitoi kitu, halafu nakaa upande wa kichwani asikoniona nampepea kwa ungo. "Afadhali," anasema. Sikumwambia. Nadhani alijua.

Baada ya maziko, mzee Petro, kaka mkubwa wa baba mkwe wangu, alisema tutakapokaa kupanga siku ya kuondoa matanga tutagawa na vitu vya marehemu. Wifi Generoza akauliza hapo hapo habari ya lile boksi la ukutani. Mzee akafikiri, akasema, "Likiwa zima, libaki kwa mjane. Likiwa bovu, utafute mnunuzi wa vyuma chakavu." Wifi akanitazama. Mimi nikatazama chini kama mfiwa anavyotakiwa, lakini moyoni nilishaapa kwamba ukoo mzima utakaa kwenye sebule ya Deo na kutetemeka.

Mbuzi jike wa mwisho akaondoka. Fundi akabadilisha hiki, akajaza kile, akapanda ngazi akalisafisha boksi la nje lililoko nyuma ya nyumba (kuku alikuwa amelitagia), na baridi ikatoka kweli. Wakati anapakia vyombo vyake kwenye pikipiki aliniambia jambo moja tu: "Mama, lile boksi la nje lisizibwe. Linapumua." Nikasema sawa. Wallahi niliitikia kama mtu aliyesikia.

Shida yangu nyingine ilikuwa rubisi. Kuondoa matanga bila pombe ya ndizi kwetu hakusemeki, na ndizi nilizozivumbika shimoni zilikuwa zimegoma kuiva, ngumu kama siku niliyoziweka. Nikiwa nyuma ya nyumba nikizinung'unikia, kiyoyozi nimekiacha kinanguruma ndani, boksi la nje likanipulizia upepo wa moto shingoni. Nikasimama. Nikageuka. Joto zuri, kavu, la mfululizo, tena umeme wake nimeulipia mimi, halafu linapotelea kwa majirani.

Mwanamke aliyelelewa na mama yangu haachi joto lipotee. Nilifukua mikungu yote nikaipanga kuzunguka lile boksi, nikafunika kwa majani makavu ya mgomba na juu yake blanketi kuukuu, sawasawa na tunavyovumbika siku zote, isipokuwa shimo langu sasa lilikuwa la kisasa. Kisha nikaingia ndani nikakiongeza kiyoyozi mpaka mwisho. Mama Zaituni, jirani yangu, alikuja kunipa pole akanikuta peke yangu sebuleni nimejifunika mablanketi mawili, meno yanagongana.

"Una homa?"

"Hapana. Naivisha ndizi."

Alinishika paji la uso hata hivyo.

Alhamisi wakafika. Mzee Petro, wifi Generoza, wazee wengine watatu na katekista wa kutufungulia kwa sala. Niliwaamkia shikamoo mmoja mmoja, nikawaketisha, na hapo nikafanya kosa la pili, maana baridi haikai chumba kilicho wazi: nikafunga madirisha, nikafunga mlango kwa ufunguo, nikasukumia gunia chini yake. Nyumba ya msiba haifungwi mlango. Najua. Nimezika watu tangu nikiwa msichana na sijawahi kuona ukifungwa. Ila siku hiyo nilikuwa nashindana na mtu.

Na kwa kitambo kidogo nilishinda. Mzee Petro alikunja mikono kwapani. Mzee mmoja akaomba shuka. Wifi, ambaye ni mtu wa baridi, alijikaza asijikunyate, lakini nikamwona akivuta kitenge mabegani, na Mungu anisamehe, nilifurahi. Nje nikasikia watu wanapiga hodi. Nikajisemea watangoja kidogo, sala inaanza.

Katekista akafumba macho, nasi tukafumba. Mimi nikafumbua moja, nikaona kidomo cha kiyoyozi kinatetemeka. Upepo ukawa vuguvugu. Kisha ukawa wa moto. Kisha ikaingia harufu tamu ya ndizi zilizoiva kupita kiasi, kwenye lile tundu la ukutani mnapopita bomba, ambalo fundi alisema ataliziba safari ijayo. Nyuma ya harufu akaja nyuki mmoja, akatua kwenye kitabu cha sala. Katekista akampuliza bila kuacha kusali, mtu wa imani kabisa. Wakaja wenzake.

"Mama Anita," alisema mzee Petro, macho bado kayafumba, "nini kinachotembea kwenye sikio langu?"

Kabla sijajibu, nyuma ya nyumba kitu kikapasuka, pwaa, umeme ukakatika, na nyuki waliokuwa wanakula kwa amani kule nje wakakasirika, wakaingia wote kwa pamoja. Wazee wakakimbilia mlangoni. Mlango umefungwa. Ufunguo nilikuwa nimeufunga kwenye pindo la kitenge, fundo likakataa, katekista ananipiga kwa kitabu mgongoni (alikuwa anapiga nyuki, alinieleza baadaye), wifi anasema, "Wifi, umetuitia tugawe vitu au utuue?"

Nilikivua kitenge kizima, nikalifungua fundo kwa meno, tukatoka kwa mkupuo. Nje walikuwa wamejaa waombolezaji, Mama Zaituni mbele yao ameshika sufuria ya maharage. Wakaona wazee wa ukoo wa marehemu wanatimka, mmoja kajitanda shuka, na mjane nyuma yao ameshika kitenge mkononi. Basi, wakaelewa walivyoelewa.

"Kumbe mlikuwemo," alisema Mama Zaituni. "Tumepiga hodi mpaka tukadhani umehama."

Nyuki walipotulia, wifi Generoza akazunguka nyuma. Akarudi, akasimama mbele ya wote. "Nani kaivalisha blanketi mashine ya kaka yangu?"

Ningeweza kusema kuku. Nikasema, "Mimi. Nilikuwa naivisha ndizi za rubisi."

Fundi akapigiwa simu, nikamweleza, naye akaniuliza mara mbili kama ni blanketi kweli, halafu akasema kilichopasuka kinabadilishwa lakini moyo wenyewe wa mashine utakuwa umeungua, na moyo mpya ni afadhali ununue kiyoyozi kipya. Mzee Petro, mdomo umemvimba upande mmoja, akatoa hukumu: "Bovu ni bovu. Generoza, tafuta mnunuzi."

"Sawa, baba," nikasema. Kisha, kwa kuwa nilikuwa sina tena heshima ya kulinda, nikawaeleza habari ya rimoti, na ungo, na ile "afadhali" yake. Nilisema kwa kifupi. Mimi si msemaji.

Wifi alivua viatu, akarudi nyuma ya nyumba, akaanza kutoa mikungu. Nikamfuata. Ndizi zilikuwa zimeiva upande mmoja tu, ule uliotazama boksi, upande wa pili mbichi kabisa. Akamenya moja, akala, mabega yakaanza kumtikisika, na mimi nikadhani analia mpaka nikasikia anacheka. Alikuwa anafanya yote mawili.

"Kaka angeniambia mapema linaivisha ndizi," alisema, "nisingemsema." Akajifuta. "Mwambie mzee mnunuzi wa vyuma yuko mbali. Kibaki hapo kilipo."

Kiapo changu cha sasa ni kifupi. Nikisikia fundi anasema kitu kinapumua, nitakiacha kipumue.

Kikao tulikifanya nje, kwenye kivuli cha ukuta, na hakuna aliyelalamika joto. Walipoondoka nilikandika udongo kwenye lile tundu la ukutani, nikavuta gunia, nikafungua mlango mpaka mwisho. Mama Zaituni akaingia na sufuria yake, maharage yamepoa, na safari hii hakupiga hodi.