Nakala Moja ya Kujaribia

Fundi huyu wanamwita Bi Pindo, kwa sababu pindo la gauni akilishona yeye unaweza kulitafuta kutwa usione uzi. Ana miaka hamsini na minne, kibanda cha ushonaji kati ya duka la viatu na kinyozi, na tabia moja inayowakera wateja wenye haraka: hakabidhi nguo ambayo haijajaribiwa mwilini. Hata kama teksi inakungoja nje, utaingia nyuma ya pazia na utaivaa. Ukinuna, nuna.

Watu wachache walijua kwamba kwa miaka sita alikuwa akiandika riwaya. Aliandika asubuhi kabla ya kufungua, kwenye madaftari ya shule, na daftari likimwishia aligeuza zile karatasi za kaki anazokatia vielelezo vya magauni akaandika nyuma yake. Riwaya ilimhusu mwanamke aliyemwacha wifi yake mgonjwa kitandani, akaenda mji wa mbali kutafuta maisha kwa cherehani. Akafanikiwa, akafungua duka. Katika sura ya mwisho anarudi kuomba radhi.

Sura hiyo ndiyo iliyoleta kesi. Mchapishaji mmoja, mtu mpole mwenye ofisi iliyojaa vitabu mpaka dirishani, alimwambia kazi yake ni nzuri na angeichapa kwa gharama zake mwenyewe, mradi iishie pale duka linapofunguliwa. Wasomaji wanataka ushindi, alieleza. Huko kurudi kuomba radhi kunamshusha shujaa.

"Niamini, mama," alisema. "Ukiiondoa, hakuna atakayejua kwamba kulikuwa na sura nyingine."

Maneno hayo yalimchoma kuliko kukataliwa. Sura ishirini zote alikuwa ameziandika ili aifikie hiyo moja. Lakini usimdhanie malaika, alishawishika. Kuona jina lako juu ya jalada bila kutoa hata senti si jambo dogo, na wiki nzima alitembea na ahadi ile kichwani, akawashonea watu mikono ya kushoto mirefu kuliko ya kulia.

Njia ya pili ilikuwa mpiga chapa wa nyuma ya soko. Huyu angechapa kitabu chenye mwisho wowote, hata kisicho na mwisho, almuradi mwandishi alipie mwenyewe. Alimshauri achape nakala mia tano kwa mkupuo ili bei ya kila moja ishuke. Ya tatu ilikuwa kukiweka mtandaoni. Aliipenda kwa unafuu wake, ila wasomaji aliowafikiria ni wanawake wanaokaa kwenye benchi lake wakisubiri nguo, na wengi wao simu zao ni za kupiga na kupokea tu.

Basi akaenda kwa mpiga chapa, akachukua kitabu kimoja mezani, akauvuta mgongo wake kama anavyovuta mshono kuona kama utaachia. Haukuachia. Akamwambia atengeneze nakala moja tu kwanza, ya kujaribia. Mpiga chapa alicheka, akasema kitabu si gauni. Bi Pindo akamjibu kwamba vyote viwili vikishakatwa vibaya havina dawa.

Nakala ilipotoka alilitazama jalada lake, akainusa, akaogopa kuifungua. Siku hiyohiyo akampelekea wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Huyu ndiye anayejaribishwa kila mshono mpya kibandani, kwa sababu ya ukali wake. Katika miaka ishirini hajasifu nguo hata moja. Mara kwapa linabana, mara kiuno. Siku moja alishonewa mtandio, nao ukambana. Bi Pindo alijiambia kwamba wifi akikirudisha kitabu bila neno, basi mchapishaji ana haki, naye atakubali sura ikatwe.

Asubuhi ya siku ya nne wifi aliingia kibandani, mkoba begani, kitabu mkononi. Hakusalimia.

"Wifi, umenidhulumu," alisema. "Yule mwanamke alirudi au hakurudi?"

"Si karudi, sura ya mwisho."

"Sura ipi? Kafungua duka, karatasi zimeisha. Yule mgonjwa nani anamwangalia? Siku ya pili hii nakula namuwaza yeye."

Bi Pindo alimpokonya kitabu. Kweli, kiliishia dukani, palepale mchapishaji alipotaka. Akaurukia mfuko ambamo mpiga chapa alimrudishia madaftari yake, nao hakuwa ameugusa. Chini kabisa, zimekunjwa vizuri, zilikuwamo karatasi za kaki. Upande mmoja zilichorwa mkono wa gauni na kuandikwa vipimo. Upande wa pili ilikuwapo sura ya mwisho. Mpiga chapa aliona mkono wa gauni, akadhani fundi amesahau vifaa vyake humo.

Ukitaka kumlaumu fundi, mlaumu, mwenyewe alishajilaumu. Lakini fikiria zile nakala mia tano. Mtu anayeshikilia desturi ya kazi yake mpaka achekwe, na bado asiiache, ni wa kuvuliwa kofia.

Yeye hakuwa anafikiria mia tano. Alikuwa anamtazama wifi, msomaji wa kwanza kabisa, aliyekuja kudai sura ambayo mchapishaji alisema hakuna atakayejua kama ipo. Akampa zile karatasi.

Wifi alianza kusoma amesimama, halafu akakaa. Karatasi zilikuwa na umbo la mkono, pana begani na nyembamba kuelekea kiganjani, hivyo mistari ilizidi kuwa mifupi na wifi akazidi kwenda polepole. Karibu na mwisho alivuta ncha ya mtandio akajifuta macho. Bi Pindo alijifanya anatunga uzi, na sindano ikamkataa mara nne.

"Haya, sema," akauliza hatimaye. "Inabana wapi?"

Wifi alizikunja karatasi taratibu, akazirudisha kwa mikono miwili.

"Haibani popote," alisema. "Hii usiiguse."

Bi Pindo alifunga kibanda saa nne asubuhi, jambo ambalo halijawahi kutokea, akaipeleka sura kwa mpiga chapa. Na kabla ya zile mia tano, akadai nakala moja nyingine ya kujaribia.