Nilimketisha Mama Mkwe Meza Moja Nami Kwenye Meli

Mhariri, jina langu liache. Marani watu wananijua, na wakwe zangu wa Sironga wananijua kuliko ningependa. Lakini kosa lenyewe litoe lote, maana limenikaa kooni tangu turudi.

Mimi ndiye niliyemshindisha mama mkwe njaa ndani ya meli iliyojaa chakula!

Usishangae bado, hujasikia.

Dada ya mke wangu ni nesi ng'ambo. Alitaka mama yao, aliyechuna majani chai miaka yote akiwasomesha, apumzike kidogo kabla magoti hayajamkataa. Akatulipia safari ya meli ya kifahari kutoka Mombasa, zile za kuzunguka visiwani watu wakila na kulala tu. Tulienda mama, mke wangu, binti yetu Kemunto na mimi. (Kemunto si jina lake, usihangaike kumtafuta.) Safari ilikuwa ya mama. Hilo nilikuwa nimelisahau hata kabla hatujapita Masimba, pale tu karibu na nyumbani.

Mama alikuja na kikapu. Ndani unga wa wimbi, ndizi mbivu na chupa ya uji. Nilikitoa kwenye buti ya gari kwa mkono wangu mwenyewe!

"Mama, huko kuna wapishi wa kofia ndefu. Unga wa nini tena?"

Mama alikaza leso yake kichwani, akaingia garini.

Sasa sikia. Jioni ya kwanza tunaingia ukumbi wa kulia, mataa yanang'aa, vijiko vitatu kwa mtu mmoja. Mhudumu akauliza kwa adabu kama tunataka meza moja au mbili. Mke wangu akafungua mdomo. Nikamkatiza.

"Moja! Sisi ni familia!"

Kama hutoki Gusii, nikwambie. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawali wakitazamana. Tunaiita ensoni, ile haya ya heshima. Nikienda Sironga huandaliwa sebuleni, mama anakula jikoni na wenzake, na kila mtu anashiba kwa amani. Nilijua haya yote! Lakini nilitaka picha. Picha ya familia nzima mezani, niitupe kwenye grupu la WhatsApp la ukoo, wajue mimi si mtu wa kuuza misumari na mabati tu.

Mama aliketi. Kisha akageuza kiti, akatazama dirishani. Sahani yake ililetwa, ikaondolewa vilevile.

"Mama, kula bwana! Hapa hatuko Sironga."

"Nimeshiba, Baba Kemunto."

Ameshiba nini, jamani? Upepo? Lakini nilimwamini, kwa sababu kumwamini kulinifaa.

Na mimi nilikuwa na kazi yangu. Chakula cha mchana kule ni cha kujipakulia, na mimi nimekulia kwenye foleni za harusi, ambako ukichelewa unakuta mchuzi umebaki na kitunguu. Nilipakua wali, kuku, tambi, samaki, na keki juu ya samaki. Nikarudi tena. Mzungu mmoja alinipisha kwa heshima, nadhani alifikiri napelekea meza nzima.

Halafu mama ni Msabato kamili, nguruwe kwake ni mwiko. Hata angetaka kuonja, aliogopa nguruwe asije akawa amejificha kwenye maharagwe. Na alikuwa amejificha kweli! Mimi pia ni Msabato. Sikuuliza.

Mke wangu alitaka kumpelekea mama sahani chumbani. Nikakataa katakata. "Unataka watuone washamba?" Hayo niliyasema nikiwa na krimu puani. Kwa hiyo akawa anamfichia mkate kwenye mkoba, na mama akaishi kwa mkate na strungi, chai isiyo na maziwa.

Siku ya tatu, saa ya chakula cha mchana, nilikuwa nimeinua simu nipige picha. "Mama, geuka kidogo utazame huku!" Mama akasimama aondoke zake. Akayumba. Akaanguka pale pale, kando ya meza ya keki.

Mungu wangu! Kemunto alipiga yowe ukumbi mzima ukasimama.

Daktari wa meli akauliza mgonjwa amekula nini. Mke wangu akamjibu kwa Kiingereza, kisha akarudia kwa Kiswahili ili nisikose hata neno: "Amekula mkate, kwa sababu mume wangu anataka picha."

Niliona aibu sijawahi kuona. Kuanzia jioni hiyo nilikula peke yangu nyuma ya nguzo, chakula kimejaa na hakina ladha. Ng'ambo ya nguzo nilimsikia mama akila na binti yake na mjukuu wake, akicheka. Miaka yote tangu nimuoe binti yake, sikuwa nimewahi kumsikia akicheka.

Tuliporudi, wamama wa kanisa walimzunguka wakitaka habari za meli. Chakula je?

"Kilikuwa kingi sana," akasema. "Nilikiona."

Nilisimama pale pale nikitamani ardhi inimeze.

Basi nikaenda Sironga na mke wangu kuomba msamaha, nimebeba sukari, leso mpya, na unga wa wimbi mara mbili ya ule niliotoa kwenye gari. Mama akapokea vizuri, akashukuru. Nikaandaliwa sebuleni kama kawaida: ugali wa wimbi unatoa moshi, kuku wa kienyeji, na chinsaga, mboga yetu chungu iliyolazwa kwa maziwa. Nikasema moyoni, yamekwisha.

Badala ya kurudi jikoni, mama akavuta kiti. Akaketi mbele yangu. Akanitazama machoni.

"Kula, Baba Kemunto. Si ndivyo tulivyoketi kule?"

Nilimega tonge. Mkono ukakataa kupanda. Nikajaribu tena, wapi! Jasho likanitoka. Yeye ananitazama tu, hana haraka, amekunja mikono.

"Nimeshiba, mama," nikasema.

"Haya," akasema. Akamwita mke wangu aje aondoe sahani.

Nilitoka pale na njaa yangu hadi barabarani, harufu ya kuku ikinifuata. Hakuna aliyenirudisha.

Kwa hiyo wewe unayepanga kupeleka wakwe mahali pa kifahari, wapeleke, wanastahili. Lakini mhudumu akiuliza meza moja au mbili, funga mdomo wako, mwache mkeo ajibu.