Swali la Tisa la Mwalimu Nyongesa

Watu wa shamba letu wakimkumbuka Mwalimu Nyongesa husema alikuwa mtu wa haki. Ni kweli. Mimi haki yake naijua kuwashinda wote, maana iliniangukia mimi, na hata sasa nikiizungumzia nasikia uchungu mdomoni.

Misheni ilimleta mwaka wa 1954 kufundisha kwenye shamba la mzungu mmoja ng'ambo ya Bahati, upande wa Nakuru. Shule ilikuwa chumba kimoja cha mabati. Madarasa mawili yalisoma asubuhi, mawili mchana, yakiwa yamepeana migongo, naye akizunguka katikati yao na chaki mkononi. Mvua ikinyesha hakuna aliyesikia kitu, basi aliandika ubaoni tu hadi inyamaze. Alikuwa mwembamba, macho mekundu, na alisema polepole kama mtu anayeogopa maneno yatamwishia kabla ya jioni. Sikumbuki siku hata moja aliyoonekana kama amelala akatosheka.

Kazi moja tu hakuichokea, nayo ni kusahihisha. Siku ya mtihani alimpa kila mtoto nambari, majina akayaandika kwenye karatasi nyingine aliyoikunja na kuitia mfukoni. Hakuifungua mpaka alama zote zimejumlishwa. Wazazi walimcheka.

"Mwalimu, unaogopa watoto?"

"Naogopa mkono wangu," aliwajibu.

Mwaka wa 1957 shule ya bweni ya Nakuru mjini ilitupa nafasi saba za darasa la tano. Sisi tulikuwa thelathini na mmoja. Mtihani angetunga na kusahihisha mwalimu mwenyewe, wao wangepokea saba wa kwanza. Kurudia darasa hakukuwapo, wadogo walikuwa wanangojea madawati. Aliyekosa alikwenda kuchuma maua ya pareto na mama yake, basi. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu na nilijua hivyo vizuri sana.

Baba yangu alikuwa mpishi wa bwana, yule mzungu mwenye shamba. Nilipompelekea kuni jikoni nilikuwa nasoma kalenda iliyotundikwa karibu na mlango, nikaizoea miezi yote na siku zake. Ndiyo maana swali la tisa halikunisumbua. Liliuliza hivi: mtu alianza kazi tarehe moja Machi, akafanya kazi hadi mwisho wa Mei, alifanya kazi miezi mingapi? Nikaandika mitatu, nikaendelea.

Ijumaa alisoma majina saba. La saba lilikuwa langu. Nilipata alama sabini na moja. Baba alipoambiwa aliacha sufuria motoni, akatoka nje na aproni yake nyeupe akanibeba mabegani, msichana mkubwa kama mimi, mbele ya watu. Sijawahi kufurahi tena namna ile na sidhani nitafurahi.

Wa nane alikuwa Chepkemei, alama sabini. Baba yake alikamua ng'ombe wa bwana. Yeye hakulia. Alibaki nyuma wengine walipotoka, akaomba aonyeshwe karatasi yake, nami nilikuwa bado nafunga vitabu vyangu kwa kamba, kwa hiyo nilisikia yote.

Mwalimu alimwonyesha swali la tisa. Chepkemei alikuwa ameandika: miezi miwili na siku kumi na tisa, kama hakuugua.

"Kama hakuugua? Nani amekuuliza habari za kuugua?"

"Akiugua, karani hapigi alama, mwalimu."

"Machi, Aprili, Mei. Hiyo si mitatu?"

"Hiyo ni ya kalenda. Mwezi wa kazi ni tikiti." Alimweleza taratibu, kwa adabu, kama anamweleza mgeni njia ya kwenda mtoni. Kila mfanyakazi ana tikiti, kadi iliyochorwa vyumba thelathini. Ukifanya kazi unapigiwa alama. Jumapili hakuna alama. Mvua ikizuia kazi, hakuna alama. Vyumba vikijaa thelathini ndipo mwezi umekwisha, hata kama kalenda imekwenda mbele. "Jumapili nilihesabu kumi na tatu, nikazitoa. Swali lilisema kazi, mwalimu."

Mwalimu Nyongesa aliketi. Alikuwa amekulia kwao, akasoma misheni, na maisha yake yote hakuwahi kushika tikiti ya shamba. Alivuta lile fungu la karatasi akaanza kufunua moja moja, akitafuta swali la tisa tu. Miwili na kitu. Miwili na kitu. Watoto kumi na wanane walikuwa wameandika miwili na kitu, na wote alikuwa amewapiga kosa kwa penseli nyekundu.

"Nendeni nyumbani," alituambia. Sauti yake haikuwa na nguvu hata kidogo.

Jumatatu alisoma majina upya. Alisema alitunga swali vibaya na majibu yote mawili ni sahihi. Swali lilikuwa na alama nne. Chepkemei akawa na sabini na nne, akapanda. Mimi nilibaki na sabini na moja zangu, zilezile, nikawa wa nane. Nimepiga hesabu hiyo mara nyingi kuliko sala zangu. Hata angelifuta swali lote kwa kila mtu, ningekuwa na sitini na saba, yeye sabini. Hivi niko nje, na vile niko nje.

Kesho yake baba alinichukua tukaenda kwa mwalimu, kuku mwekundu chini ya kwapa. Mwalimu alitupatia viti, yeye akakaa kitandani. Hakumtazama yule kuku.

"Ndugu yangu," baba alianza, "wewe na mimi tumetoka upande mmoja. Hapa tuko wangapi? Nani mwingine atatuangalia?"

"Ndiyo maana nilificha majina, ndugu."

"Na hili swali lilitungwa na nani?"

"Mimi."

"Kosa ni la nani?"

"Ni langu."

"Sasa kosa ni lako, na anayelipa ni mtoto wangu?"

Mwalimu alijipangusa uso kwa viganja. Alisema Jumamosi alikwenda Nakuru kwa baiskeli kuomba nafasi ya nane, na mkubwa wa shule akampeleka bwenini akamwonyesha vitanda. Vilikuwa saba. Alisema aliomba hata nilale chini, akakataliwa. Baba alikuwa amejitayarisha kwa ugomvi, na hapo hakuona pa kuuanzia, akawa anamshikashika kuku miguu.

Nikauliza mimi. Haikuwa adabu, lakini niliuliza.

"Mwalimu, mimi nilikosa nini?"

"Hukukosa kitu, Nasimiyu."

Heri angenitafutia kosa, hata la uongo. Aliyekosa anaweza kusahihisha. Mimi sikuwa na la kusahihisha, na nilimchukia kwa ajili hiyo, nikamchukia kwa miaka.

Januari Chepkemei alikwenda Nakuru na sanduku la mbao. Mimi nilifungwa kikapu kiunoni nikaenda kuchuma pareto. Vidole vikawa vya manjano, macho yakawasha, jua likipanda mgongo unauma hadi huwezi kujua unauma wapi. Mwalimu akinikuta barabarani alikuwa anashuka baiskeli. Hakumshukia msichana mwingine yeyote. Alisimama, akanisalimu, akauliza habari za baba, akabaki pale akinitazama. Nilitamani nimwambie apande baiskeli aende zake, nimechoka kuangaliwa hivyo.

Novemba ya 1959 alishuka kama kawaida, lakini safari hii akatoa karatasi mkobani. Yalikuwa maswali ya mtihani wa darasa la nne.

"Nisomee," alisema. "Hapa shambani hakuna mwingine anayejua kitabu na kazi, vyote viwili. Niambie wapi nimekosea."

Nilisoma nimesimama kati ya mistari ya pareto, kikapu kiunoni. Swali la sita lilisema: watu walivuna debe kumi za mahindi, wakapewa debe mbili za posho, zikabaki debe ngapi? Nililiona mara moja. Debe ya kuvuna nyapara anataka iwe na kichwa, mahindi yakimwagika kandokando. Debe ya posho inapitishwa ubao juu mpaka inakuwa bapa. Si debe moja. Mtoto mwenye akili angekwama hapo na kuandika maneno mengi, na mwalimu asingejua kwa nini.

Sitajitetea. Nilitaka kumrudishia ile karatasi na kusema yote ni sawa, mtoto wa mtu mwingine naye aende nyumbani akaulize alikosa nini. Mwalimu alingoja, kofia mkononi, nywele zimeanza mvi kabla ya wakati.

"La sita," nilisema. "Debe gani?"

Nilimweleza. Alitoa penseli, akapiga goti, karatasi pajani, akalikata swali lote. Akauliza kama kuna lingine. Nikamwambia aniache nimalize kusoma.

Mwaka ule walipita saba, kama kawaida. Wa nane sikuuliza ni nani.