Kula Mbele za Watu

Mpaka leo nikimsikia mtu akijisifu kwamba utumishi umemkuza kiroho, damu hunichemka. Nami niliwahi kusimama kanisani nikasema maneno hayohayo, watu wakanipigia makofi.

Wakati wa vita nilikuwa katika kikundi cha sala cha mtaa wetu wa Ngagara, wengi wetu wafanyakazi wa serikali na wake zao. Kila Jumamosi maboyi wetu wa nyumbani walichemsha maharage na ndizi, sisi tukapakia masufuria kwenye pikapu na kwenda Kanyosha, pembezoni mwa mji, ambako watu waliokimbia kutoka vilimani walikuwa wakilala katika uwanja wa shule. Tulitundika kitambaa chetu kirefu chenye jina la kikundi, tukasali, tukaimba, kisha tukapakua. Wao waliketi chini katikati ya uwanja, nasi tukawazunguka, tumekunja mikono, tukiwatazama wakila. Sahani zilikuwa zetu. Tulizikusanya kabla ya kuondoka, na chakula ambacho hakikuguswa kilirudi sufuriani.

Watoto walikula. Wazee hawakugusa. Alikuwepo mama mmoja mzee aliyeuza nyanya mjini miaka mingi kabla nyumba yake haijachomwa. Aliweka sahani mapajani, akaifunika kwa kiganja, akatazama pembeni. Binti yake alininong'oneza kwamba juzi mama alianguka akienda kuteka maji, na kwamba akianguka tena hatainuka. Nikamwendea mwenyekiti wetu, nikamweleza.

"Kama mutu iko na njaa ya kweli, atakula tu," akasema. "Hawa wanajifanya."

Kujifanya! Ni Mrundi gani asiyejua kwamba mtu mzima mwenye heshima zake hali mbele ya wageni? Bibi yangu alikula ndani, mlango umefungwa, na mtu akipiga hodi sahani ilisukumwa chini ya kitanda. Hata kwa mwenyekiti, tukifika ghafla saa ya chakula, mkewe alituzuia barazani mpaka meza isafishwe. Alijua. Sote tulijua. Ila tulikuwa tumekata shauri moyoni, bila kuambizana, kwamba mtu akichomewa nyumba basi na haya yake imeungua humo humo. Halafu jioni tunarudi kumshukuru Mungu kwa kutukuza kiroho!

Nikakifungua kile kitambaa. Nikakifunga kati ya nguzo mbili za baraza la darasa, nikavua kitenge nilichojitanda na kuziba upande uliobaki.

"Dada, unafanya nini?" mwenyekiti akapaza sauti. "Iyo iko na jina ya Mungu!"

"Basi imusitiri huyu mama," nikamjibu. "Na nyinyi mungoje kwenye gari."

Wakaenda, wamenuna. Mmoja alisema nina kiburi, na wiki iliyofuata waliniombea nipone. Sikupona.

Nilimshika mama mkono, nikamwingiza nyuma ya kitambaa, nikamwekea sahani, nikageuka niondoke.

"We mutoto, unaenda wapi? Umeisha kula?"

"Apana, mama. Nitakula nyumbani."

"Mi siwezi kula peke yangu kama muchawi. Ikaa hapa."

Nikakaa. Akasogeza sahani katikati yetu, akanawa vidole kwa maji kidogo ya kopo, akaninawisha na mimi, akasali kwa ufupi sana. Kisha akala. Alikula polepole, kwa adabu, kama mtu aliye nyumbani kwake, na mimi nikamega ndizi, nikaichovya kwenye maharage, nikatia mdomoni.

Hayakuwa na chumvi. Hata chembe. Miezi yote ile hakuna yeyote katika kikundi chetu aliyekuwa ameyaonja, na watoto wa uwanja ule waliyala hivyohivyo kila Jumamosi, kisha wakapanga mstari kutuambia asante.