Muamba Alivyokwenda Lubudi Kusema

Muamba alikuwa na kiti kimoja cha mbao nje ya nyumba yake, katika cité, yaani mtaa wa kampuni ya mgodi, pale Kolwezi. Jioni mtu aliyemtaka alimkuta hapo, macho yamefungwa, koti lake la abacost limefunguliwa vifungo. Alikuwa karani wa nyumba za wafanyakazi. Kutwa nzima alikaa nyuma ya gishe, kile kidirisha cha ofisi, na watu walipanga mstari mbele yake. Huyu malata, mabati ya nyumba yake, yanavuja, huyu bomba limekauka, huyu ana watoto saba na chumba kimoja. Yeye alikuwa na jibu moja kwa wote, akimwita kila mtu raia kwa Kifaransa: "Citoyen, pita kesho."

Alirudi nyumbani kinywa kimekauka kama aliyekula vumbi la mgodi. Tshiela, mke wake, alipouliza habari za kazi, alijibu, "Mm." Alipouliza kama chumvi imetosha, "Mm."

"Maneno yote unaachaka kule," Tshiela alimwambia. "Hapa unaletaka chupa tupu."

"Mm," akasema Muamba.

Basi jioni moja sauti ya mwanamke ilipiga hodi mbele ya kiti. Muamba hakufungua macho. Kinywa kilijisemea chenyewe.

"Citoyenne, gishe imefungwa. Pita kesho."

Akasikia kuku analia. Kwenye gishe hakuna kuku. Akafungua jicho moja. Mbele yake alisimama Mama Mbombo, mama mzazi wa Tshiela, aliyetoka Lubudi kwa treni, kikapu kichwani.

Kwa Baluba wa Kasai, mama mkwe hatazamwi usoni. Ukikutana naye njiani unampisha. Unaweza kumtukana chifu ukatozwa faini, yakaisha. Mama mkwe ni kitu kingine.

Mama Mbombo alishusha kikapu. Aliweka kuku chini, akageuka, akashika njia ya stesheni. Tshiela alitoka jikoni, mikono ina unga wa bukari, ugali wa jioni. Akamtazama mume. Akamtazama kuku. Halafu akafunga kitambaa kichwani, akamfuata mama yake.

Nyumba isiyo na mke haikaliki. Mtu anazunguka ndani kama nzi. Juma lile Muamba hakukaa kwenye kiti. Alifika barabarani, akarudi, akaenda tena. Aliweka maji motoni akayasahau, sufuria ikaungua. Jumamosi akanunua mbuzi, akamvuta mpaka stesheni. Pale Tenke ilibidi kubadilisha treni, mbuzi akagoma kupanda, abiria wakapata cha kuchekea.

Lubudi alipokelewa na Tata Ngeleka, mdogo wake Mama Mbombo. Yeye ndiye angebeba maneno, maana mkwe na mama mkwe hawajibizani. Akamkalisha Muamba uani, mgongo kwa jikoni. Mama Mbombo na Tshiela walikuwa humo ndani, wakisikia kila kitu.

"Nimeleta mbuzi," Muamba akasema.

"Tunamuona. Anasema mingi kukupita."

Jikoni mtu alicheka, akajizuia.

"Ni ya kuomba musamaha, tata."

"Kosa ulifanya na kinywa. Huyu mbuzi atakula majani yetu tu. Weye utasema."

Muamba akakohoa. Akavuta pumzi. Kilichotoka ni hiki:

"Mambo yenu tumeyasikia. Tutayaangalia."

"Tutayaangalia?" Ngeleka akageuka huku na huku. "Weye na nani?"

Muamba akasimama. Akatembea mpaka kwenye uzio, akarudi, akakaa, akasimama tena. Treni ya kurudi haikuwa mbali. Alijua akiondoka hivi, Tshiela hatarudi.

"Nachoka," akasema.

Ngeleka akaitazama mikono ya karani.

"Mikono haichoke, haifanye kitu. Ni hapa." Akashika shingo. "Iko muzee moja, Tata Mwenze. Kila mwanzo wa juma anakuya. Upepo ilibeba malata ya nyumba yake. Anavua kofia, anaanza: 'Ule upepo, mutoto yangu...' Mi namwambia pita kesho. Anavaa kofia, anaenda. Hakasirike. Mi ule muzee namuogopa kupita chefu wa kazi. Jumapili silale juu yake. Nikifika kwangu, mutu akinisemesha, nawaza ni yeye."

Kutoka jikoni Mama Mbombo akasema na ndugu yake, kwa sauti ya kumfikia kila mtu.

"Ngeleka, muulize. Ule upepo ulifanya nini?"

"Sijue," akasema Muamba. "Sikumuachaka amalize."

"Hata siku moja?" Ngeleka akauliza.

"Hata moja."

"Mwambie mbuzi anabaki. Tshiela naye anabaki. Yeye aende asikie, halafu atakuya kutuelezea."

Jumatatu Tata Mwenze alifika, akavua kofia.

"Ule upepo, mutoto yangu..." Akanyamaza mwenyewe, akingoja aambiwe apite kesho.

"Endelea, tata."

Mzee akatazama nyuma aone nani anayeambiwa.

"Niendelee wapi?"

"Ule upepo."

"Karani amelewa," mwanamke mmoja akanong'ona mstarini.

Mzee akaegemea gishe. Upepo ulitoka upande wa Kingamyambo, kunakotupwa taka za mgodi, akasema, na vumbi lote la kule. Ulibeba malata yake, ukayaweka kwa jirani. Jirani akatoka, akayaona, akapiga magoti, akamshukuru Mungu, akaenda kutafuta nyundo.

Mstari mzima ukacheka. Mzee hakucheka.

"Mi sitafute malata mupya. Yangu naiona kila asubui juu ya nyumba ya mwenzangu. Natafuta mutu wa kumuambia."

Saa ya kula Muamba alikwenda naye kwa miguu mpaka kwa yule jirani. Jirani alibisha, akamtaja Mungu mara nyingi, mwishowe akakubali kuyarudisha, akaomba aachiwe lata moja la kufunikia kuku. Mzee akamwachia.

Jioni Muamba alikuwa na habari na hana wa kumpa. Jirani zake walimwita, wakimwona anatembea huku anasema peke yake. Hakuwaambia. Jumanne ikawa ndefu, Jumatano ikawa ndefu zaidi. Mstari wa gishe nao uliongeza habari zake, maana sasa aliuliza, na watu walijibu. Alhamisi alikula amesimama.

Jumamosi aliingia uani kwa Tata Ngeleka bila kubisha hodi, bila kukaa, akisahau hata upande wa kugeuzia mgongo.

"Alipiga magoti!" akasema. "Malata ya mwenzake, naye amepiga magoti!"

Mama Mbombo akajificha upesi nyuma ya mlango, akicheka. Tshiela akatoka na kibao chake cha jikoni, akakiweka chini mbele ya mume wake, akakaa.

"Polepole," akasema. "Anza mwanzo. Nani alipiga magoti?"